Mkonga wa otomatiki: Kupungua kwa gia za mkono kutakavyowagusa wavuka mpaka

MWISHONI mwa mwaka 2023 kampuni ya Toyota ililirudisha katika soko la Japani gari lake la kazi, Land Cruiser mfululizo wa 70, ambalo Watanzania wengi wanalijua kwa jina la mkonga. Umbo lilikuwa lilelile la tangu 1984, chasi ileile nzito ya chuma, na ekseli ngumu mbele na nyuma. Kilichokosekana ni pedeli ya klachi. Gari hilo lilitoka na injini moja tu, dizeli ya lita 2.8, na giaboksi moja tu, otomatiki ya gia sita.

Kwa mnunuzi wa Tokyo hilo ni jambo dogo. Huko zaidi ya magari 95 katika kila magari mapya 100 ni otomatiki, na vijana wengi huchukua leseni isiyowaruhusu kabisa kuendesha gari la klachi. Kwa mfanyabiashara wa Mbeya, Arua au Moyale hiyo ni habari ya mfukoni. Kinachouzwa kipya Japani leo ndicho kitakachoteremshwa Mombasa na Dar es Salaam kikiwa kimetumika, miaka mitano au saba baadaye.

Mabishano ya kijiweni kuhusu kipi bora, otomatiki au gia za mkono, hayana mwisho na hayalipi. Suala lenye fedha ndani yake ni nani atabaki na uwezo wa kupata gari jipya au la miaka michache la njia mbovu lenye gia za mkono, na kwa mlango upi. Dalili zilizopo zinaonyesha kwamba gia za mkono zinabaki kwa mnunuzi mkubwa anayeagiza gari jipya kwa wakala, na zinatoweka katika mkondo wa magari yaliyotumika. Mkondo huo ndio unaomlisha mfanyabiashara wa kati na mdogo.

Orodha inavyofupishwa

Kupungua huku hakukuanza jana. Nissan ilipoleta Patrol mpya (Y62) mwaka 2010 iliipa otomatiki ya gia saba pekee. Wateja wa gia za mkono walibaki na Patrol ya zamani, Y61, ambayo iliendelea kutengenezwa kwa baadhi ya masoko kwa miaka kadhaa. Toleo jipya la Patrol la mwaka 2024 lina otomatiki ya gia tisa.

Land Rover Defender, gari ambalo kwa miongo mingi lilikuwa la askari, wamisionari na mabwana shamba wa ukanda huu, lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, kwa mara ya mwisho Januari 29, 2016. Defender mpya iliyozinduliwa Septemba 2019 haina gia za mkono. Land Cruiser 300, ambalo ndilo shangingi la siku hizi, lilizinduliwa Juni 2021 na otomatiki ya gia 10. Mdogo wake, Land Cruiser 250 aliyeonyeshwa Agosti 2023 kuchukua nafasi ya Prado, ana otomatiki ya gia nane kwenye dizeli ya lita 2.8. Hata Ineos Grenadier, gari lililobuniwa makusudi kujaza pengo la Defender ya zamani na kutangazwa kama chombo cha kazi cha watu wa shamba, linauzwa na otomatiki ya gia nane peke yake.

Waliobaki na pedeli tatu wamegawanyika makundi mawili yasiyofanana. Kuna magari ya starehe ya Marekani, kama Jeep Wrangler na Ford Bronco, ambako gia za mkono ni burudani ya mwenye gari siku ya Jumamosi. Halafu kuna magari ya kazi: Land Cruiser 70 kwa masoko ya Afrika, pikapu za kebini moja kama Hilux inayotengenezwa Durban na Isuzu D-Max, Mahindra kutoka India, na kwa mizigo midogo, Suzuki Jimny. Kundi la pili ndilo linalohusu wasomaji wa kurasa hizi.

Sababu si uvivu wa madereva

Ni rahisi kusema watu wa siku hizi hawataki kazi ya klachi. Ukweli ni kwamba hesabu za kiwandani ndizo zilizoamua.

Ya kwanza ni injini. Dizeli ya zamani ya lita 4.2, maarufu kwa namba 1HZ, iliyoanza kutumika mwaka 1990, haina tabo na hutoa nguvu ya mzunguko, ambayo mafundi huiita toki, ya nyutonimita 285. Dizeli mpya ya lita 2.8 ni ndogo zaidi lakini kwa msaada wa tabo na kompyuta hufikia nyutonimita 500. Giaboksi ya mkono ya kubeba nguvu hiyo bila kuvunjika inahitaji meno mapana na klachi kubwa zaidi. Australia inatoa mfano mzuri. Land Cruiser 70 la injini ya V8, lililouzwa huko na gia za mkono tano tu, liliondolewa mwaka 2024 na nafasi yake ikachukuliwa na injini ya lita 2.8 ya otomatiki. Wateja walipolalamika, Toyota ilikubali kuwaletea injini hiyohiyo na gia za mkono, lakini kwa sharti kwamba toki ya injini inapunguzwa kuliko ile ya gari la otomatiki.

Ya pili ni moshi. Vipimo vya hewa chafu vya Ulaya na Japani hupima gari kwa mwendo uliopangwa, na otomatiki ya gia nane au kumi huweka injini katika mzunguko inaotumia mafuta kidogo kuliko mkono wa binadamu unavyoweza. Ya tatu ni usalama. Umoja wa Ulaya umefanya breki za dharura zinazojifunga zenyewe kuwa lazima kwa magari yote mapya tangu Julai 2024. Mfumo huo, na ule wa kufuata gari la mbele kwa umbali uliopangwa, hufanya kazi vizuri zaidi pale ambapo kompyuta inaweza kulisimamisha gari na kuliondoa bila kusubiri mguu wa dereva kwenye klachi.

Ya nne ndiyo nzito kwa macho ya kiuchumi. Kila giaboksi ya ziada ni lazima ipimwe, ipewe vibali vyake, ifundishwe kwa mafundi na iwekewe vipuri ghalani. Gharama hiyo ikigawanywa kwa magari laki moja haionekani. Ikigawanywa kwa elfu tatu, mkuu wa mauzo anafuta mstari mmoja kwenye orodha na hakuna anayepiga kelele, isipokuwa Waaustralia.

Afrika haikuwepo mezani wakati wa kufuta mstari huo. Bara hili hununua magari mapya machache mno ikilinganishwa na yale yaliyotumika, na kiwanda hakipati chochote gari linapouzwa mara ya pili. Mnunuzi wa gari lililotumika hana kura.

Hesabu ya miaka

Hapa ndipo sheria za umri zinapoingia. Kenya, kwa kiwango chake cha KS 1515, hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kuanzia Januari 2026 maana yake ni magari yaliyosajiliwa mwaka 2019 na kuendelea.

Mfanyabiashara wa Nairobi akitafuta Land Cruiser 70 lililotumika kutoka Japani atakuta shimo. Toyota iliacha kuliuza nchini humo mwaka 2004. Ililirudisha kwa muda mfupi kati ya 2014 na 2015, likiwa na petroli ya lita 4.0 na gia za mkono tano, kisha ikaliondoa tena. Magari hayo ya 2014 na 2015 hayawezi tena kuingia Kenya. Yanayofuata ni yale ya mwishoni mwa 2023, na yote ni otomatiki. Kwa maneno mengine, mlango wa mkonga wa Kijapani uliotumika wenye klachi umeshafungwa Kenya.

Hilux nayo ina hadithi inayofanana. Iliporudi kuuzwa Japani Septemba 2017 ilikuja na dizeli ya lita 2.4 na otomatiki peke yake. Ndiyo maana dabo kebini za mkondo wa Japani ni otomatiki, na anayetaka gia za mkono huelekezwa kwenye magari ya Thailand au Afrika Kusini. Prado za mfululizo wa 150 zilizouzwa Japani nazo zilikuwa otomatiki. Kati ya magari madogo ya porini, Jimny pekee ndiyo inayotoka Japani kwa wingi ikiwa na gia za mkono, lakini mwenye magunia 20 ya vitunguu hawezi kufanya nayo kazi.

Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018, hivyo dirisha lake ni pana zaidi. Tanzania haikuchagua kupiga marufuku. Inayatoza magari yaliyozidi miaka minane ushuru wa bidhaa wa ziada, na makali huongezeka umri unapozidi. Matokeo yake ni kwamba magari ya klachi ya miaka ya nyuma yataendelea kuonekana zaidi upande wa kusini wa Namanga kuliko wa kaskazini. Wapo watakaoona hapo nafasi ya kununua Arusha na kuuza Nairobi. Wajihadhari. Gari linalohamishwa na kusajiliwa upya Kenya linakutana na kiwango kilekile cha umri, na kadi ya Tanzania haliondoi sharti hilo.

Jambo jingine dogo ambalo mawakala wa forodha wanalijua na wanunuzi wengi hawalijui: orodha ya bei ambayo mamlaka ya mapato ya Kenya, KRA, huitumia kukadiria ushuru wa magari yaliyotumika ina safu inayotaja aina ya gia. Magari mawili ya mwaka mmoja na injini moja yanaweza kuanza hesabu katika bei mbili tofauti. Kuandika nyaraka kwa mazoea kunaweza kumgharimu mtu.

Upande wa usukani

Kuna wavuka mpaka ambao mlango wao bado uko wazi, na wanaujua. Kongo, Burundi, Rwanda na Sudan Kusini huendesha upande wa kulia, hivyo gari la usukani wa kushoto ndilo la kawaida huko. Hilo linawapa njia ya Dubai. Wasafirishaji wa Dubai bado wanauza Land Cruiser 70 jipya la usukani wa kushoto lenye dizeli ya 4.2 au petroli ya 4.0 na gia za mkono, sambamba na lile la 2.8 la otomatiki. Gari hilo hupita Dar es Salaam au Mombasa likiwa mali ya transiti na kuishia Goma, Bujumbura, Kalemie au Juba.

Kenya inadai usukani wa kulia. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Eldoret na mwenzake wa Bunia, ambao tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 wanahesabiwa kuwa soko moja, wanaingia kwenye barabara zilezile za matope wakiwa na magari ya aina mbili. Wa Bunia anaweza kununua chuma cha zamani kikiwa kipya. Wa Eldoret anachagua kati ya kulipa bei kamili kwa wakala na kuchukua otomatiki iliyotumika.

Na kwa wakala lipo. Land Cruiser 79 la pikapu limekuwa likiunganishwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, na ndilo linaloonekana kwa polisi, kwenye migodi na katika miradi ya maji. Anayeweza kulinunua jipya ni serikali, kampuni ya mgodi, au mfanyabiashara mwenye mkopo wa benki uliotulia. Mtu wa pikapu moja, anayeanza na akiba ya ushirika, hayumo katika orodha hiyo.

Gari likikwama

Chukua pikapu inayobeba miraa kutoka Maua kwenda Mandera. Mzigo huo hupoteza thamani ndani ya siku mbili. Chukua dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaopanda kutoka mwaloni hadi barabara kuu wakati wa masika. Bei ya gari katika biashara za namna hii ni sehemu tu ya hesabu. Sehemu nyingine ni saa ngapi litakaa pembeni likiharibika, na nani ataweza kuligusa.

Klachi iliyoungua ni tatizo linalofahamika. Fundi hulala chini ya gari, hushusha giaboksi kwa magogo na minyororo, hubadilisha sahani, na jioni mzigo unaondoka. Vipuri vya klachi ya Land Cruiser vipo katika karibu kila mji wa mpakani, vizuri na vibovu. Fundi huyo hakusomea popote ila chini ya magari.

Otomatiki ikikataa kuingia gia, hadithi ni nyingine. Inabidi mtu awe na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari ili ajue kama kasoro ni waya, ni vali ya umeme, ni pampu au ni sahani za ndani zilizochakaa. Inabidi awe na mafuta ya aina iliyotajwa na kiwanda, si yale ya usukani yanayofanana rangi. Otomatiki nyingi za sasa hazina hata kijiti cha kupimia mafuta. Kiwango hupimwa kupitia boliti ya chini gari likiwa kwenye joto maalumu. Na kama ni vipuri vya ndani, mara nyingi huagizwa kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Dubai. Ukarabati wa jioni moja unageuka wa wiki mbili, na kwa mfanyabiashara wa mkopo, wiki mbili ni rejesho lililopita.

Kulivuta nako kuna masharti. Pampu inayolainisha otomatiki huzungushwa na injini, hivyo gari lililozimika likiburutwa kilomita nyingi magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini, vyuma vya ndani huzunguka vikiwa vikavu. Kamba na trekta la kijiji vilivyokuwa msaada vinaweza kuua giaboksi iliyokuwa nzima. Kwa sababu hiyohiyo halisukumwi likawaka.

Hata hivyo, hapa mashabiki wa klachi hujidanganya kidogo. Wanasema gari la gia za mkono huwaka kwa kusukumwa betri ikifa. Hilo ni kweli kwa 1HZ, ambayo pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika na huhitaji umeme kidogo tu wa kufungua mafuta. Dizeli mpya za kompyuta, ziwe na klachi au zisiwe nayo, haziwezi kuchoma mafuta bila umeme wa kutosha kuendesha kompyuta na nozeli. Anayenunua Hilux mpya ya gia za mkono akidhani amenunua usahili wa mkonga wa 1995 amenunua nusu yake. Kinachopotea ni injini na giaboksi kwa pamoja, na pengine injini ndiyo hasara kubwa zaidi. Mafuta ya kidumu yenye maji na vumbi, yanayouzwa vijijini pande zote za mpaka, yaliivumilia 1HZ na kuvumiliwa nayo. Nozeli za kisasa hazina uvumilivu huo, na hakuna anayelaumu gia kwa hilo.

Wenye magari wanavyohesabu

Upande wa pili wa daftari nao upo. Mwenye magari matano na madereva watano wa kuajiriwa anajua ni klachi ngapi amenunua kwa mwaka, na anajua nyingi ziliungua kwa sababu ya mguu uliopumzishwa kwenye pedeli. Otomatiki haimpi dereva nafasi hiyo. Kwenye mchanga haikati nguvu wakati wa kubadili gia, na gari halisimami katikati ya korongo kavu kwa sababu mtu alichelewa kuingiza namba mbili. Dereva aliyeshinda foleni ya Kasumbalesa au Malaba hachoki mguu.

Tena dereva mwenyewe anabadilika. Kenya tayari ina daraja la leseni la gari dogo la otomatiki pekee. Kijana aliyefunzwa hivyo hawezi kukabidhiwa mkonga wa zamani kwenye mteremko, na miaka kumi ijayo tatizo la mwajiri huenda likawa kumpata anayejua klachi.

Wasafirishaji wa malori walishaipita njia hii. Volvo ilileta I-Shift mwaka 2001, watengenezaji wengine wa Ulaya wakaja na za kwao, na matrekta yaliyotumika yakaanza kuingia kwenye barabara za Dar es Salaam–Lubumbashi na Mombasa–Kampala yakiwa na giaboksi zinazojibadili. Mwanzoni zilikimbiwa. Leo kampuni nyingi za mafuta na makontena haziulizi tena. Lakini mfano huo una mipaka yake. Giaboksi hizo za malori kwa ndani ni gia na klachi za kawaida, zinazosukumwa na hewa na kuamriwa na kompyuta. Fundi wa zamani akiifungua anakutana na vyuma anavyovijua. Otomatiki ya Land Cruiser hufanya kazi kwa shinikizo la mafuta na mafungu ya sahani nyembamba. Pia lori hupita barabara kuu yenye gereji za kampuni kila baada ya kilomita kadhaa, wakati pikapu ya mnada wa ng'ombe hupita kusiko na kitu.

Adui mkubwa wa otomatiki ni joto. Mwendo wa polepole kwenye mchanga au mlima mrefu, na mzigo uliozidi, huchemsha mafuta yake hadi yanapoteza uwezo. Anayelinunua gari la namna hii kwa kazi ya mizigo afikirie kuongeza rejeta ya mafuta ya gia kabla ya safari ya kwanza, na atumie gia nzito za porini mapema badala ya kuionea fahari injini. Kauli ya wauzaji kwamba mafuta ya otomatiki ni ya maisha yote ya gari isichukuliwe kama ilivyo. ZF ya Ujerumani, ambayo otomatiki zake za gia nane zimo kwenye Defender mpya na Grenadier, inapendekeza yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na hiyo ni kwa barabara za kawaida. Gari la miaka saba kutoka Japani linaweza kufika bandarini likiwa na mafuta yaleyale ya kiwandani.

Wakati wa kununua, gari liwashwe likiwa baridi mbele ya mnunuzi, si baada ya muuzaji kuwa ameshalipasha moto. Likiwekwa kwenye D na R lisichelewe kushika wala kugonga. Mafuta yakinuka kuungua, bei ishuke sana au mazungumzo yaishe. Na kipimo cha kompyuta kigharimiwe na mnunuzi, kwa fundi wake mwenyewe.

Mnada wa magari ya miradi

Kwa anayesisitiza klachi bila kuwa na fedha za wakala, chanzo kimoja kikubwa kimebaki: magari yaliyotumiwa na mashirika. Umoja wa Mataifa na taasisi za misaada wamekuwa wakinunua Land Cruiser 70 la dizeli ya 4.2 na gia za mkono kupitia Toyota Gibraltar Stockholdings, kisha kuyauza kwa zabuni au mnada baada ya miaka kadhaa ya kazi. Magari hayo yamejaa kwenye biashara ya mpakani kuanzia Kakuma hadi Kasulu.

Chanzo hicho nacho kimeguswa. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa rasmi Julai 2025, na miradi iliyotegemea fedha zake ilisimama au kupunguzwa katika nchi nyingi. Mradi unaofungwa huuza magari yake, hivyo kwa muda mfupi minada inaweza kuwa na mali nyingi kuliko kawaida. Lakini mradi usioanza haununui gari jipya, na gari lisilonunuliwa mwaka 2026 halitakuwepo mnadani mwaka 2032. Anayepanga kubadilisha gari lake kwa njia hiyo ana sababu ya kulifanya mapema. Ahakikishe pia kama gari liliingia kwa msamaha wa ushuru. Ushuru huo hudaiwa linapohamia kwa mtu binafsi, na minadani wapo waliogundua hivyo baada ya nyundo kupigwa.

Kwa Uganda, Defender la mwisho la Januari 2016 litatimiza miaka 15 Januari 2031, kikomo cha 2018 kikibaki kilivyo. Wakati huohuo Land Cruiser 70 za otomatiki zilizouzwa Japani kuanzia mwishoni mwa 2023 zitakuwa zimefika mwaka wa saba, umri ambao magari mengi ya Kijapani huanza kupangwa kwenye yadi za Mombasa.